Tulirithi Jina la Boom, Pesa Hatukurithi

Kuna siku chache kwa mwaka ambazo Nairobi nzima hujua HELB imeingia. Mama wa chapo pale Ngara hujua, kwa sababu madeni ya kwenye daftari yanaanza kulipwa. Wauza viatu vya mtumba hujua. Makanga wa matatu za Kikuyu hujua, kwa sababu siku hiyo hakuna anayebishana sana kuhusu nauli. Na mitandaoni utani huanza: komredi aliyekuwa anakunywa maji ya mfereji jana, leo anaagiza kuku mzima, na baada ya wiki mbili atakuwa anazunguka vyumbani akiuliza nani ana unga. Tunacheka. Hata mimi hucheka, kwa maana nilisoma kwa mkopo huo huo na ladha ya siku hiyo naijua.

Lakini ndani ya utani huo kuna shutuma: kwamba mwanafunzi anayesomeshwa na pesa za umma hana breki. Utaisikia kwa wazazi, kwa wabunge, kwa walimu wa chuo ambao wao wenyewe walisoma bure, na hata kwa makomredi wenyewe. Shutuma hiyo ni ya zamani kuliko M-Pesa na kuliko HELB. Nimejaribu kuifuata ilikotoka, na jambo ninalotaka kusema ni hili: sisi tulirithi sifa za wanafunzi wa enzi moja na bajeti ya wanafunzi wa enzi nyingine, halafu tukaambiwa tatizo ni tabia.

Enzi ya sahani iliyolipiwa

"Boom" ni neno la wanafunzi. Kwa Kiingereza ni mlio wa mzinga, au uchumi unaopanda ghafla, na maana zote mbili zinafaa. Pesa zinakuja kwa kishindo, zinang'aa, kisha kimya. Wenzetu wa Tanzania pia wanalitumia. Wengine huliandika "bumu" na limekaa kama neno lao la siku zote.

Ili kuelewa boom ilikuwa nini, anza na chuo chenyewe. Royal Technical College ilifungua milango Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1961 ikawa Royal College, na mwaka 1963 ikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru wanafunzi walikuwa wachache, na nchi ilikuwa na njaa ya mahakimu, madaktari, wahandisi na maofisa wa wilaya wa kuchukua viti vya Wazungu. Kwa hiyo serikali ililipa karibu kila kitu: karo, kitanda, chakula, na juu yake posho ya mfukoni. Mwanafunzi naye alitarajiwa kuitumikia nchi baada ya kuhitimu.

Hapo kwenye chakula ndipo pa kutulia kidogo. Mwanafunzi wa enzi hiyo aliingia kwenye ukumbi wa kulia chakula akakuta sahani imeshalipiwa, asubuhi, mchana na jioni. Posho ilipomfikia, tumbo lake halikuwa na dai lolote juu yake. Alipoenda mjini kununua redio kaseti, suti, au bia za kuwanunulia marafiki watano, alikuwa anatumia pesa ambazo kweli zilikuwa za ziada. Angezimaliza zote kwa siku tatu na bado angekula siku ya nne.

Tena si wote walizinywa. Ukikaa na waliosoma miaka ya 1970 na 1980 watakuambia habari za baa na muziki, kisha, ukisubiri, watakuambia habari za mabati. Boom iliezeka nyumba ya mama. Boom ililipa karo ya mdogo aliyekuwa shule ya upili. Boom ilinunua ng'ombe. Mtoto aliyeingia chuo kikuu alikuwa mradi wa ukoo, na mradi ulianza kudaiwa faida kabla haujakamilika. Hizi habari za mabati hazikuingia kwenye utani. Anayepanda matatu na mabati hachekeshi kama anayeanguka mtaroni usiku.

Waliotumwa na kijiji

Si kwamba shutuma ilikosa msingi kabisa. Swali la msomi kijana anayelishwa na maskini lilikuwa swali zito, na aliyeliuliza kwa ukali zaidi katika eneo letu alikuwa Julius Nyerere.

Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam, waliokuwa sehemu ya chuo kimoja na wenzao wa Nairobi, waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Sharti lililowachoma zaidi lilikuwa la pesa: kwa muda fulani baada ya masomo wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ni yeye pia aliyezoea kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta kingine. Akila asirudi, amewasaliti.

Mfano huo bado unauma, na nadhani unastahili kuuma. Lakini angalia masharti yake: kijiji kimempa mtu huyo chakula cha kutosha safari. Mfano hausemi afanyeje aliyepewa nusu kibaba, tena akacheleweshewa, huku watoto wa kijiji wakimshika shati wakitaka naye awaachie kidogo.

Kulikuwa pia na wasomi wa wakati huo huo waliosafiri na nusu kibaba. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani familia ziliuza mifugo na kufanya harambee ili mtoto apate nauli na cha kuanzia. Kwa wengi, ufadhili wa kule uliishia kwenye karo. Waliosha vyombo, walifagia, walifanya kazi za likizo. Leo tunawasifu kwa kujinyima, na wanastahili. Ila hakuna aliyekuwa na haja ya kuwahubiria nidhamu. Hesabu yao ilikuwa wazi: wanajua wana nini, wanajua wanakosa nini, na kazi ya kujaza pengo ilipatikana.

Mkopo ambao haukufanana na mkopo

Nchini Kenya, mkopo wa elimu ya juu si jambo la juzi. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko mwaka 1952 kwa Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Lakini mwanafunzi wa hapa nyumbani aliendelea kusomeshwa na serikali hadi mwaka wa fedha wa 1974/75, idadi ilipopanda na Hazina ikaanza kuhema. Ndipo ukaja mpango mpya wa mikopo chini ya Wizara ya Elimu, kwa Wakenya waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam.

Shida ni kwamba mkopo huo ulifika ukiwa umevaa nguo za posho ya zamani. Pesa zilikuja vilevile, kwa jina lile lile la boom, na serikali haikuwa na sheria ya maana ya kuzidai. Wanafunzi na wazazi wakauchukulia kama zawadi. Usiwacheke haraka. Ukipewa kitu na serikali iliyokuwa ikikupa bure jana, na hakuna anayekuja kudai, utakiita nini?

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Serikali ya Moi iliamini wanafunzi wameharibika na wanahitaji kunyooshwa. Kuanzia 1984 hadi 1990, kila aliyekubaliwa chuo kikuu alipitia kwanza mafunzo ya National Youth Service, Gilgil: kwata, jembe, kuamka usiku wa manane. Maelezo yalikuwa ni kujenga nidhamu na kumkumbusha msomi kazi ya mikono. Wengi walitoka huko na misuli na urafiki wa kudumu. Hata hivyo, kinachonivutia ni wazo lililokuwa nyuma yake: kasoro imo ndani ya kijana, kwa hiyo dawa nayo ni kumtengeneza kijana. Wazo hilo halikuondoka mafunzo yalipokwisha.

1991: sahani inaondolewa

Kisha zikaja hesabu za Benki ya Dunia na marekebisho ya uchumi. Mwaka 1990 vyuo vilipokea kwa pamoja kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la 8-4-4. Vyumba vilijaa, pesa hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 1991 serikali ikaleta sera ya kugawana gharama: mzazi alipe karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na posho iliyozoeleka ikaondolewa. Wanafunzi waliandamana, mawe yakaruka kwenye barabara za kando ya chuo, vyuo vikafungwa. Ndani ya muda mfupi kumbi za chakula nazo zikawa ni za kulipia sahani kwa sahani. Huna pesa, huli.

Nadhani hii ndiyo tarehe kubwa katika historia ya matumizi ya mwanafunzi wa Kenya, na haitajwi vya kutosha. Siku ile chakula kilipohamishwa kutoka kwenye bajeti ya chuo hadi kwenye mfuko wa mwanafunzi, pesa zilibadilika asili. Zilizokuwa za ziada zikawa za unga. Kosa lile lile la mwaka 1980, yaani kumaliza pesa kwa wiki moja, sasa lilikuwa na adhabu mpya kabisa. Jina likabaki lile lile, boom, na watu wakaendelea kulaumu kama vile sahani bado ipo mezani.

Makomredi wa miaka hiyo walifanya nini? Walijipanga. Vyumba vya mabweni vikawa jikoni, ingawa kupikia chumbani kulikatazwa. Majiko ya koili yakafichwa chini ya vitanda. Watu wanne wakachanga kununua unga, mafuta na sukuma wiki, wakapika kwa zamu. Mlangoni mwa chumba ungekuta karatasi: hapa tunauza mayai, mkate, sigara, kadi za kupigia simu. Mwingine ananyoa, mwingine anachapa kazi za wenzake. Huo wote ulikuwa ubanaji matumizi, ulioanzishwa na vijana wenyewe bila semina hata moja. Lakini usimamizi ukiona jiko la koili huliita uvunjaji wa sheria, na magazeti huona mawe tu.

Shilingi mia na arobaini

Julai 1995 Bunge lilianzisha HELB kwa sheria, na safari hii mkopo ulikuwa mkopo. Riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukichelewa kulipa, faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Ukitafuta kazi ya serikali ulikuwa unaombwa cheti cha kuonyesha uko sawa nao. Ile hoja ya "wanadhani ni za bure" ilipoteza msingi hapo.

Sasa fanya hesabu na mimi. Kwa miaka mingi mkopo wa mwanafunzi wa chuo cha umma ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Chukua aliyepewa 40,000. Shilingi 8,000 zinakwenda moja kwa moja chuoni kama sehemu ya karo. Zinabaki 32,000, yaani 16,000 kwa muhula. Muhula ukiwa wa wiki 16, hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki. Kwa siku ni kama shilingi 143.

Ukiwa bwenini karibu na University Way unaweza kutembea hadi darasani, na chapo madondo hazikosekani. Lakini vyumba vya chuo havitoshi. Anayesoma Kabete au Kikuyu na kukosa kitanda hupanga Kangemi, Uthiru, Kinoo, kando ya Waiyaki Way, na 143 hizo zinagawanywa tena na mwenye nyumba, tokeni za stima na nauli ya siku ya mvua, inayopanda mara mbili. Hapo hujatoa nakala hata moja ya notisi. Niambie kuku mzima anaingilia wapi. Anaingia siku moja, siku ya boom, kwa sababu baada ya wiki sita za deni mwili unadai siku yake. Ukikata kuku huyo, umeokoa labda mia nane. Pengo la muhula bado lipo.

Mwezi Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mwingine: ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kulingana na kundi ambalo umewekwa kwa hali ya kwenu. Malalamiko yakaja haraka, ya watoto wa wakulima wadogo kuwekwa kundi moja na watoto wa wenye mishahara. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, na mvutano ukaendelea katika rufaa. Kwa mwanafunzi, maana yake ni kupanga muhula bila kujua kwa hakika kitaingia nini, na lini.

Kusubiri kitu usichokiamini

Hilo la "lini" ndilo linalonirudisha kwenye nidhamu. Pengine umesikia jaribio maarufu la Walter Mischel wa Stanford, la mtoto aliyewekewa peremende laini na kuambiwa akisubiri atapata ya pili. Kwa miaka mingi lilitumiwa kuonyesha kwamba wanaoweza kusubiri ndio wanaofaulu. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walilirudia na badiliko dogo. Kwanza mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto alivileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akisema samahani. Ndipo peremende ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3.

Watoto hao walikuwa 28 tu, na si vizuri kujenga nchi juu ya watoto 28. Lakini yeyote aliyewahi kusubiri HELB atatambua kinachosemwa. Kujizuia ni imani kwamba cha kesho kitakuja. Pesa zikiingia wiki ya kumi badala ya wiki ya kwanza, hazikuti bajeti, zinakuta madeni.

Na madeni siku hizi yamehamia mahali pabaya. M-Pesa ilikuja 2007, M-Shwari 2012, Fuliza 2019, na katikati yake programu nyingi za mikopo ya simu na kamari ya mpira. Mwanafunzi wa 1985 aliyetaka kupoteza boom ilibidi avae, apande gari, aende mjini. Kulikuwa na barabara ya kumpa muda wa kufikiri. Leo baa, mkopeshaji na kampuni ya kamari viko kwenye kifaa kile kile kinachopokea pesa. Mwenye deni la Fuliza akihamisha pesa kwenda M-Pesa, deni linajikata lenyewe kabla hajagusa senti. Hii si hoja ya kuwatetea wanaobeti karo. Wapo, na wengine wameacha shule kwa ajili hiyo. Ni hoja kwamba tunamtaka kijana wa miaka 19 awe na breki kali kuliko baba yake, kwenye mteremko mkali zaidi, na mzigo mzito zaidi.

Halafu kuna nyumbani. Mabati hayajaisha. Mathe anajua HELB imeingia, ameisikia kwenye redio. Hasemi nitumie. Anasema tu kwamba mdogo wako amefukuzwa shule kwa sababu ya 2,000. Unapotuma, je, umekosa kujizuia? Katika semina za fedha hakuna safu ya matumizi hayo. Mimi nayaita karo, kama walivyofanya waliotutangulia.

Kama serikali inataka makomredi watumie pesa kwa akili, historia yenyewe inatoa mapendekezo mawili. Rudisheni angalau sahani moja kwa siku iliyolipiwa, ili chakula kisishindane na kitu kingine chochote. Na kinachobaki kilipwe kila mwezi kwa tarehe inayojulikana, kama mshahara wa mbunge, ambaye hatujawahi kumwomba aishi miezi minne kwa malipo yaliyochelewa ili tuone breki zake.

Kwa komredi anayesoma hii akingoja pesa: lipa mwenye nyumba kwanza, nunua unga wa mwezi mzima, ungana na watatu mpike pamoja, na kabla pesa hazijafika zima kile kinachojikata chenyewe. Weka na ile asilimia 4 akilini, maana hao watakutafuta. Na ukila kuku siku hiyo, kula kwa amani.